Damu Iliyojaa Tumboni

Mimba ikitunga nje ya kizazi na mrija wa uzazi ukapasuka, mama anaweza kupoteza lita mbili za damu bila hata tone kuonekana nje. Hufika hospitali amepauka, moyo unakwenda mbio, na huenda benki ya damu haina kundi lake. Ndugu wanaanza kupigiana simu kutafuta wa kuchangia. Kumbe damu ipo, imejaa tumboni mwake.

Tumbo likishafunguliwa, daktari huiteka damu hiyo kwa kibakuli kilichotakaswa, akaichuja kwa shashi iliyokunjwa mara nne, ikaingia kwenye chupa au mfuko wenye sitreti, dawa inayozuia isigande. Kisha mgonjwa hurudishiwa damu yake mwenyewe mshipani. Hapo suala la kundi halipo, wala hofu ya virusi vya mtu mwingine. Ila utumbo ukiwa umetoboka, au damu inanuka ama imekaa tumboni muda mrefu, haifai tena. Lakini chupa na shashi viwe tayari kabla ngozi haijachanwa. Damu iliyokwisha kunyonywa na vitambaa ndiyo imepotea hiyo. Mbinu hii ni ya zamani, na nadhani ndiyo maana inadharauliwa: haina mashine ya kuwaonyesha wageni.

Kwa anayevuja damu baada ya kujifungua, kazi ni kuizuia isipotee. Mbali na dawa za kukaza kizazi, ipo asidi ya traneksamiki, iliyovumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba gramu moja mshipani, ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua, hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Saa tatu zikipita, faida haionekani.

Kwa watoto wenye upungufu wa damu, wakati mwingine dawa ni subira yenye macho. Mwaka 2019, utafiti wa TRACT wa Uganda na Malawi ulifuatilia watoto wenye wekundu wa damu (himoglobini) kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita, wasio na dalili za hatari. Walioongezewa papo hapo na waliosubirishwa huku wakipimwa mara kwa mara hawakutofautiana kwa vifo, na takribani nusu ya waliosubirishwa hawakuhitaji kabisa damu ya mtu. Wekundu ukishuka chini ya 4, hakuna kusubiri: mtoto aongezewe, tena haraka.