Mahadhi yasiyo na maneno, na wenyewe wasiotajwa

Kuna muziki mmoja wa rock ambao wengi wetu tumeusikia bila kujua jina lake. Hauna mwimbaji, ni gitaa la umeme linalopigwa mbio, likisindikizwa na ngoma na tarumbeta. Unaitwa Misirlou. Mmarekani Dick Dale aliurekodi mwaka 1962. Mwaka 1994 ulifungua filamu ya Pulp Fiction, mwaka 1998 ukasikika katika filamu ya Kifaransa ya Taxi, kisha kundi la Black Eyed Peas likaujengea wimbo wake Pump It.

Mtu wa pwani ana sababu ya kutega sikio. Misirlou maana yake ni mwanamke wa Misri. Baba yake Dale alikuwa na asili ya Lebanon, na mahadhi yenyewe ni ya zamani, yakiimbwa kwa Kigiriki tangu miaka ya 1920. Yamejaa ladha ya maqam ya hijaz, ile ile inayojulikana na wapenzi wa taarab.

Kwa nini watu wa filamu na matangazo hupenda muziki wa ala tupu? Kwanza, hauna lugha, kwa hivyo haumtengi msikilizaji yeyote. Pili, haugombani na maneno ya mwigizaji. Tatu, waweza kukatwa popote. Sekunde kumi zatosha kumpa mtazamaji haraka, hofu au furaha.

Lakini kuutumia kwahitaji ruhusa mbili: ya mtunzi wa mahadhi, na ya mwenye ile rekodi. Hapa ndipo penye funzo. Mwaka 1941 mwanamuziki Nick Roubanis alijitaja kuwa mtunzi wa Misirlou, mahadhi yaliyokuwa yakipigwa miaka mingi kabla yake, na jina lake likabaki kwenye karatasi. Muziki usio na maneno husafiri mbali, lakini pia hupotezewa wenyewe kwa urahisi.

Sasa tuje nyumbani, Kakamega. Waisukha na Waidakho wana isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Hupigwa harusini, mazishini na kwenye mapigano ya mafahali. Mashabiki wa AFC Leopards huipeleka uwanjani, na wanasiasa hupenda kupokewa nayo. Mdundo ule ukisikika tu, Mkenya anajua ni magharibi bila kuambiwa neno.

Hata hivyo, mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wapigaji wengi ni wazee wasio na warithi, na fedha za kutengenezea ala ni haba. Yaani mdundo unajulikana, lakini wenyewe wanapungua.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Anayetaka kuzitumia kwa biashara yampasa kupata idhini ya jamii husika, na serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuziorodhesha. Ngoma isiyo na mtunzi mmoja haimaanishi haina mwenyewe; mwenyewe ni jamii.

Jambo hili si la Waluhya peke yao. Zumari letu, chakacha na ngoma za harusini nazo ni mahadhi yanayoweza kukatwa sekunde kumi na kuwekwa chini ya tangazo la hoteli, mpigaji asipate hata kutajwa. Basi anayerekodi shughuli Lamu, Mombasa au Malindi aandike jina la mpigaji, mahali na tarehe. Na wazee wa ngoma waende kaunti wakaulize: je, ngoma yetu imeorodheshwa? Karatasi ile ndiyo itakayosema kwa niaba yao siku muziki utakaposikika ugenini.