Sentensi Sahihi, Maana Isiyokusudiwa: Kiswahili na Kimaa katika Ufundishaji wa Kiingereza kwa Teknolojia Arusha

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kusema kuwa dada yake amevaa gauni jekundu aghalabu huandika kwa Kiingereza "She has worn a red dress". Programu ya kusahihisha sarufi haiipigii mstari sentensi hiyo, kwa kuwa kiima na kitenzi kisaidizi vimepatana na umbo la kitenzi kikuu halina dosari. Kosa limo katika maana. Mwandishi alikusudia kuwa gauni liko mwilini sasa hivi, jambo ambalo Mwingereza angelieleza kwa "is wearing". Alichoandika kinasema tu kwamba amewahi kulivaa. Ndivyo ilivyo pia kwa "He has slept" inayotumika badala ya kusema kuwa mtu yumo usingizini. Makala hii inafafanua kwa nini makosa ya aina hii huiponyoka teknolojia ya kufundishia Kiingereza, na yanamdai nini mhadhiri anayejenga taaluma yake katika uwanja huo jijini Arusha na katika vyuo vilivyo kandokando ya Mlima Meru.

Chanzo ni kiambishi -me-. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kuwa kiambishi hiki hubeba mambo mawili: kukamilika kwa tendo na hali inayotokana na ukamilifu huo. Katika "barua imefika", ukamilifu ndio unaosikika zaidi, na tafsiri ya Kiingereza yenye "has" inafaa. Katika amevaa, amelala, amesimama, ameshika na amechoka, hali ndiyo inayotawala. Kitenzi kaa kinaonyesha jambo hili waziwazi: mtu "anakaa Njiro" kwa maana ya makazi, lakini "amekaa kwenye benchi" kwa maana ya mkao alionao wakati wa kusema. Mwanafunzi aliyefundishwa sekondari kwamba -me- ni sawa na "have" au "has" amepewa kanuni inayofanya kazi mara nyingi kiasi cha kumfanya aiamini, na kushindwa mara nyingi kiasi cha kumwaibisha. Programu mpya zaidi, zilizofunzwa kwa matini nyingi, huweza kubahatisha kutokana na sentensi jirani. Hata hivyo, kubahatisha huko kunahitaji kwanza shaka, na anayeingiwa na shaka mapema ni mwalimu anayeisikia "amevaa" nyuma ya sentensi ya Kiingereza.

Upande wa matamshi una sura nyingine. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza kina irabu zipatazo kumi na mbili bila kuhesabu irabu unganifu. Kwa mkabala wa ulinganishi uliofafanuliwa na Lado mwaka 1957, mtu angetabiri kuwa kila mwanafunzi Mtanzania atashindwa kutofautisha "ship" na "sheep". Utabiri huo unamchukulia kila Mtanzania kuwa amelelewa kwa Kiswahili pekee. Katika miteremko ya Meru sivyo. Wameru husema Kirwa, lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga (isichanganywe na Kimeru cha Kenya), na Waarusha husema lahaja ya Kimaa, lugha ya Kinailoti. Kimaa, kama kilivyoelezwa na Tucker na Mpaayei mwaka 1955 na wataalamu waliofuata, kina irabu tisa, na baadhi yake hutofautiana kwa jinsi shina la ulimi linavyosogezwa mbele. Zimo ndani yake i mbili na u mbili.

Tofauti ya Kiingereza haifanani kabisa na hiyo, kwani urefu na mwinuko wa ulimi vina nafasi yake. Lakini sikio lililozoea i mbili tangu utotoni huenda halianzii pale linapoanzia sikio la mzaliwa wa Kiswahili. Hili linafaa kupimwa darasani kabla ya kuandaa mazoezi. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo mwenyewe aghalabu hana habari ya utajiri huo. Alijifunza kusoma kwa Kiswahili, kwa herufi tano za irabu, na hakuna somo lililomwambia kuwa lugha ya mama yake ina tisa.

Umuhimu wa suala hili unatokana na mfumo wa elimu wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Kiswahili kilishika shule za msingi. Kiingereza kikabaki sekondari na vyuoni. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilibaini kuwa kiwango cha Kiingereza hakikutosheleza kujifunzia masomo mengine, lakini ikapendekeza lugha hiyo iendelee. Mradi uliofuata kwa msaada wa Uingereza ulitilia mkazo vitabu vya kusoma. Kinyume chake, jaribio la vishikwambi la shindano la XPRIZE katika takriban vijiji 170 vya Tanga, lililokamilika mwaka 2019, liliegemea programu za Kiswahili zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto hao. Huko chombo kilianzia katika lugha ya mwanafunzi.

Mhadhiri wa Kiingereza huko Usa River au Njiro anayetaka kufanya vivyo hivyo hukutana na kikwazo cha kitaaluma. Kurekodi sauti na kutunga mazoezi ya simu huchukua mihula mizima, ilhali kupanda cheo hutegemea zaidi makala zilizopitiwa na wataalamu, ambazo katika fani yake huandikwa kwa Kiingereza kwa wasomaji wasioijua -me-. Maelezo anayoyahitaji yamo katika idara ya Kiswahili, pengine mlango unaotazamana na wake.

Zoezi lenyewe si la gharama. Linahitaji orodha ya vitenzi ambavyo -me- huvipa maana ya hali, na orodha hiyo ni kazi ya wanaisimu wa Kiswahili. Mwanafunzi akiandika "has worn", simu ya kawaida, hata bila intaneti, imuulize kwa Kiswahili: "Gauni bado liko mwilini?"