Fahamu: Je, mnyama anaweza kudai haki mahakamani?

Kumlinda mnyama asiteswe ni jambo moja; kumpa haki ni jingine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini ng'ombe au punda anabaki kuwa mali ya mmiliki wake.

Marekani, watetezi walitaka zaidi. Waliiomba mahakama itamke kuwa Happy, tembo jike wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, anazuiliwa kinyume cha sheria. Juni 2022, Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo ilikataa kwa kura 5 dhidi ya 2: kinga dhidi ya kuzuiliwa hivyo ni ya binadamu. Majaji wengi walihofia kwamba ufugaji nao ungeburutwa mahakamani. Wawili waliopinga walisema akili ya tembo inatosha kumstahilisha uhuru.