Kamera ya kwanza: hela weka kwenye lenzi

Wadau, vijana wengi wa Zombo, Kilosa na Mikumi wakitaka kamera ya kuanzia wanakimbilia megapikseli. Tuwekane sawa: angalia lenzi kwanza.

Sababu iko mlangoni kwetu. Barabara kuu ya Morogoro–Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa kilomita 50 hivi. Twiga na tembo unawaona, ila kushuka huruhusiwi na mara nyingi wako mbali. Ukivuta kwa simu ya kawaida, picha inatoka na ukungu.

Kwa hiyo tafuta Canon au Nikon ya mtumba inayobadilisha lenzi, na lenzi inayofika milimita 250 au 300. Canon za kuanzia kama 600D zina kihisio kidogo, hivyo 250 inavuta kama 400!

Ila macho! Nikon D40, D3100 na D3500 hazina mota ya lenzi ndani. Lenzi ya zamani itaingia, lakini kulenga utazungusha kwa mkono. Chukua iliyoandikwa AF-S.

Kabla hujatoa hela, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Achana nayo.

Nawasilisha.