Tangazo la Kikundi Lisipotee Ndani ya Simu



Msimu uliopita kikundi chetu cha wakulima kilipata hasara ya bure. Gari la mbolea lilikuwa lije Jumamosi. Alhamisi jioni katibu wetu akaandika katika grupu la WhatsApp: "Gari linakuja kesho asubuhi, siyo Jumamosi." Baada ya hapo zikaja salamu. Ikaja picha ya harusi. Zikaja "amina" nyingi. Kufika usiku, tangazo la mbolea lilikwisha kufunikwa.

Ijumaa gari likaja na kuondoka. Wenzetu saba walikuwa shambani. Ikabidi wakodi pikipiki kuifuata mbolea mjini, kwa gharama yao.

Kwenye mkutano katibu akasema, "Mimi niliandika." Wale saba wakasema, "Sisi hatukuona." Wote walisema kweli. Je, kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa letu sote. Tulikuwa na jembe zuri lakini hatukujua kulishika.

WhatsApp ilianza mwaka 2009. Miaka ya karibuni imeongezewa mambo mengi ya kuwasaidia watu wanaofanya kazi pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza sisi. Kama simu yako haina mambo haya, pakua kwanza toleo jipya la programu hiyo.

1. Bandika tangazo juu

Jambo hili lilikuja mwisho wa mwaka 2023. Bonyeza ujumbe kwa kidole, ushikilie mpaka ubadilike rangi. Kisha gusa vidoti vitatu vya pembeni na uchague kubandika. Simu itakuuliza: saa 24, siku 7, au siku 30? Chagua. Tangazo litakaa juu kabisa kwenye grupu, hata zikija salamu mia. Unaweza kubandika matangazo 3 tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo bandika yale ya kazi: siku, saa na mahali.

2. Uliza kwa kura

Mkitaka kujua nani atakuja kwenye palizi, msiandikiane majibu hamsini. Tangu mwaka 2022 kuna kura. Gusa alama ya kuambatisha picha, kisha chagua kura. Andika swali, kwa mfano: "Tukutane lini?" Chini yake andika majibu: Jumanne, Jumatano. Kila mtu anagusa jibu lake, na simu yenyewe inahesabu.

Lakini angalia! Kura hii siyo ya siri. Kila mwanachama anaweza kuona nani kachagua nini. Basi msiitumie kuchagua viongozi, wala kuamua jambo la mwenzenu mwenye deni. Mambo hayo yana mkutano wake.

3. Sahihisha kosa mapema

Umeandika "saa 2" kumbe ni saa 4? Tangu mwaka 2023 unaweza kuusahihisha ujumbe wako ndani ya dakika 15. Ubonyeze na kuushikilia, uchague kuhariri. Wenzako wataona alama kuwa umesahihishwa. Dakika 15 zikipita, andika ujumbe mpya uanze na neno SAHIHISHO. Maana huenda wengine walikwisha soma ule wa kwanza.

4. Tumia sauti, lakini kwa ufupi

Kati yetu wapo wanaosoma polepole, na wapo ambao macho yamechoka. Wasaidieni kwa sauti. Shika alama ya kipaza sauti na useme. Kabla ya kutuma unaweza kujisikiliza. Taja kwanza jambo lenyewe, halafu salamu. Ukiweka salamu za dakika tatu mbele, watu watachoka kabla hawajalisikia tangazo.

5. Jihadharini na matapeli

Akija mtu kwenye grupu kwa namba ya mweka hazina akasema, "Ile pesa tumeni kwa namba hii," msitume. Mpigieni mweka hazina, msikie sauti yake. Akaunti ya mtu inaweza kuibwa. Wezi huomba tarakimu 6 zinazokuja kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi. Ukimpa mtu tarakimu hizo, umempa ufunguo wa nyumba. Usimpe hata rafiki.

Tena, weka namba yako ya siri ya tarakimu 6 kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili. Mwizi akipata ufunguo wa kwanza, atakwama kwenye ufunguo wa pili.

Pia wasimamizi wa grupu wawe wawili au watatu. Simu ya mmoja ikipotea, kazi isisimame. Mwanachama akipoteza simu, atoe habari siku hiyo hiyo, namba yake iondolewe kwenye grupu.

Tusisahau wenye kitochi

Ndugu zangu, si kila mtu ana simu janja. Si kila siku mtu ana bando. Sisi tumepanga hivi: kila mwenye simu janja ana jirani mmoja asiye nayo. Tangazo likibandikwa, anampigia au anapita nyumbani kwake. Msimu huu hakuna aliyeikosa mbolea.

Na mahesabu yaandikwe kwenye daftari kama zamani. Simu huanguka majini, ujumbe hufutwa. Wahenga wa vikundi vyetu wanasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Jadilianeni katika kikundi chenu:

— Je, tangazo gani lilitupotea mwaka huu? Lilituletea hasara gani?
— Nani kati yetu hana simu janja, na jirani yake ni nani?
— Nani atatufundisha kubandika tangazo?

Usiogope kujaribu. Zamani tuliogopa kushika kalamu, leo tunasoma gazeti. Na simu nayo tutaiweza.