Jinsi Uso Unavyoungwa Tumboni

Gusa kwa kidole chini ya pua yako, juu ya mdomo. Utasikia kifereji kidogo chenye ukingo huku na huku. Kimetoka wapi?

Kabla ya kujibu, twende kwanza kwa samaki. Sisi watu wa Kapalata tunawajua vizuri, maana mji wetu wa Kisangani unakula kutoka mtoni. Pale kwenye maporomoko, Wagenia hutega vikapu vyao vikubwa kati ya miti iliyosimikwa majini, na maji makali humsukuma samaki ndani. Mama akisafisha samaki, mwombe akuonyeshe kichwa. Inua kile kifuniko kilicho kando yake. Utaona matamvua mekundu, nayo yameshikwa na mifupa myembamba iliyopinda kama upinde. Kwa matamvua hayo samaki huvuta hewa iliyomo majini.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Mwaka 1825 mganga mmoja Mjerumani, jina lake Rathke, aliwachunguza watoto wa nguruwe ambao hawajazaliwa, wadogo sana. Shingoni mwao aliona mikunjo kama ile ya samaki mchanga. Baadaye wataalamu waliiona hata kwa mtoto wa mtu.

Mtoto mwenye majuma manne tangu mimba kutungwa ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hana uso bado. Chini ya kichwa ana mikunjo, mmoja chini ya mwingine, kulia na kushoto. Lakini msidhani kwamba anavuta hewa kama samaki! La, hewa na chakula humfikia kwa damu, kwa njia ya kitovu. Samaki hufanya matamvua kwa mikunjo hiyo. Mtu huitumia kwa kazi nyingine. Mkunjo wa kwanza hufanya taya, pamoja na mifupa miwili midogo iliyo ndani ya sikio. Wa pili hufanya mfupa wa tatu wa sikio. Mikunjo ya chini hufanya kikoromeo, ambamo sauti hutoka. Shika shingo yako, umeze mate: utakisikia kikipanda na kushuka.

Macho nayo, mwanzoni, yako kandokando ya kichwa kama ya kuku, kisha huja mbele polepole. Masikio huanzia chini, shingoni. Taya linapokua, yanapanda.

Na uso wenyewe? Hauchongwi kama kinyago katika gogo moja. Huungwa kwa vipande, kama fundi aungavyo shati. Kipande kimoja hushuka kutoka kwenye paji, kikileta pua na sehemu ya katikati ya mdomo wa juu. Viwili hutoka mashavuni. Katika juma la sita na la saba vinakutana na kushikamana. Zile kingo mbili ulizozigusa ni alama ya mahali vilipokutana. Kaakaa huungwa baadaye: vibao viwili vya nyama vilivyo kando ya ulimi huinuka, hulala juu yake na kushikana katikati. Kazi hiyo humalizika karibu na juma la kumi na mbili. Pitisha ncha ya ulimi juu ya kaakaa lako, utausikia mshono.

Pengine vipande havifikiani. Hapo mtoto huzaliwa na mdomo wenye mpasuko, au kaakaa lenye tundu, au vyote viwili. Duniani kote ni kama mtoto mmoja katika 700. Wako watu wanaosema kwamba ni uchawi, au ni kosa la mama. Si kweli. Hata neno mpasuko linatudanganya, kwa sababu mdomo ule haukupasuka kamwe, haukuungwa tu. Mara nyingine jambo hili hufuata ukoo, na moshi wa tumbaku huongeza hatari. Mara nyingi sababu haionekani.

Aibu ndiyo mbaya, maana humfanya mama amfiche mtoto nyumbani. Mtoto mwenye tundu katika kaakaa hawezi kunyonya kwa nguvu, na maziwa humtokea puani. Akiachwa hivyo, njaa yaweza kumwua. Basi mama akamue maziwa yake, ampe kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, mtoto akiwa ameinuliwa kichwa. Tena ampeleke hospitali mapema. Kwa kawaida waganga hushona mdomo mtoto anapokuwa na miezi mitatu mpaka sita, akiwa amepata uzito wa kutosha. Kaakaa hushonwa baadaye, kabla ya miezi 18 ikiwezekana, ili maneno yake yasipitie puani anapojifunza kusema. Aliyechelewa naye hushonwa, hata kama ni mtu mzima. Jeraha likipona, hubaki kovu jembamba kutoka puani hadi mdomoni, karibu na ukingo wa kile kifereji.