Dau Bovu Haliponi kwa Kuvikwa Faiba

Nimeulizwa tena: "Dau langu linavuja. Nikilivika faiba kwa nje, tabaka ngapi zitatosha?" Hakuna idadi itakayotosha, na inaniuma kuona wavuvi wakizika mtaji wao katika kazi hiyo kila msimu.

Dau la mbao halitulii. Likiwa majini, mbao hunywa maji zikavimba. Likipandishwa pwani, jua huzikausha zikasinyaa. Wimbi nalo hulipinda, mbao zikacheza juu ya mataruma na misumari ikalegea. Sasa chukua resini ya poliesta, ambayo ndiyo wanayoitumia mafundi wengi. Ikishaganda ni ngumu, na katika kuganda kwake hupungua ujazo kwa asilimia 5 hadi 8. Ngozi ngumu namna hiyo itashikamanaje na mwili unaovimba na kusinyaa? Tena poliesta haishiki vizuri mbao yenye unyevu, sembuse mbao iliyopakwa mafuta ya sifa miaka nenda rudi. Mafuta yale yamezama ndani, msasa hauyafikii.

Faiba hubanduka taratibu, na kwa nje huoni kitu. Maji ya ngama hupenya katikati yakakaa. Maji ya mvua ni mabaya zaidi, maana kuvu wanaoozesha mbao hustawi penye maji baridi kuliko penye chumvi. Dau linakuwa zito, linaoza ndani kwa ndani, na fundi wa kalafati hana tena pa kugusa: mishono yote imefunikwa.

Wapo wanaosema, basi tuongeze tabaka. Ukifikia unene wa kubeba kazi yote, umejenga boti ya faiba juu ya kalibu iliyooza. Boti ya faiba ya kweli hujengwa ndani ya kalibu safi iliyopakwa nta: kwanza jelikoti, kisha mikeka ya nyuzi za kioo ikipishana na nyuzi za kufumwa, huku rola ikitoa hewa yote. Nguvu ni ya nyuzi. Resini iliyozidi huongeza uzito na wepesi wa kupasuka.

Kwa hiyo: dau linalovuja, badilisha mbao zilizooza, gongomea misumari upya, piga kalafati kwa pamba na sifa. Ukitaka mbao na faiba kwa pamoja, anza na chombo kipya cha plaiwudi ya baharini, viungo vimegundishwa, unyevu usizidi asilimia 15, utumie epoksi na kitambaa cha kufumwa, si mikeka. Mikeka mingi hutegemea staireni ya poliesta kuilainisha, na epoksi haina staireni. Ukijenga kwa poliesta, hadina, yaani kigandishi, iwe asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, ipimwe, isikadiriwe kwa kifuniko cha chupa. Fanyia kazi kivulini penye upepo, na uvae miwani: hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha.